Orodha ya Wenye Kidonda

Aprili 3
Mvua imeanza jana mchana na haijakata. Daktari Graciela kanitumia daftari jipya kutoka mjini, jalada gumu, kurasa zimepigwa mistari: jina, umri, kidonda kiko wapi, kilianza lini, sindano ngapi. Kaandika pembeni: "Edilma, safari hii sitaki makisio. Nataka kila kidonda cha vijiji vyote vinne." Makisio! Mimi ninayekanyaga tope la Kijito Tigrillo mwaka wa kumi na moja huu, na begi la dawa mgongoni.
Hili ninaloandika humu ni daftari la shule aliloliacha mwanangu Yurani alipoolewa. La daktari litabeba vidonda. Hili libebe mengine.

Aprili 8
Wagonjwa saba wa pito, kidonda cha usubi. Namba moja ni Arcesio Chaverra, mpasua mbao, miaka thelathini na minne, kidonda kwenye shavu la mguu. Leo nimemchoma sindano ya nne kati ya ishirini. Ni moja kila siku, na inauma mpaka mwanamume mzima anang'ata mto. Kidonda chenyewe hakiumi. Usubi anakuuma, unajikuna, unasahau, na baada ya mwezi ngozi imetoboka duara kama iliyokatwa kwa kizibo.
Namba mbili ni Don Misael Tovar, mwenye boti la injini, kidonda shingoni nyuma. Simpendi mtu huyu. Mwaka jana alinishushia boksi la chanjo katikati ya safari eti linachukua nafasi ya kuku wake. Nilipomwambia lazima nikikwangue kidonda nipate cha kupeleka kwenye darubini, akasema, "Jikwangue wewe kwanza, mama, nione unavyolia."
Namba tatu ni Nohemí, watoto watatu, kidonda shavuni.

Aprili 12
Mvua. Hakuna jipya.

Aprili 21
Nitaandika yote, mkono ukikubali.
Asubuhi wameingia wanamgambo kwa boti mbili, watu kama thelathini, wakachukua shule. Mwalimu wamemwambia aende nyumbani akapumzike. Kiongozi wao anaitwa Zarco, macho yake yana rangi ya maji ya mchele. Wakawapanga wanaume wote gatini na kuwavua nguo, mvua ikiwanyeshea. Nilidhani wanatafuta silaha. Kumbe wanatafuta vidonda.
"Usubi wa pito anakaa wapi?" Zarco aliuliza, kwa upole kabisa, kama mwalimu. Akajijibu mwenyewe. "Msituni. Na nani analala msituni? Waasi. Basi mimi sihitaji mtu wa kunong'oneza jina. Ngozi zenu zitaniambia."
Arcesio alikuwa wa tano kwenye mstari. Wakamwona mguu.
"Mimi napasua mbao, bosi," alisema. "Miti haioti kanisani."
Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu lilitoka vizuri. Kicheko hicho ndicho kilichomuua. Zarco akamtazama mdogo wake, kijana mmoja mwenye nywele za manjano wanayemwita Canario. Canario akampiga Arcesio risasi palepale kwenye shavu la mguu, penye kidonda, akasubiri aanguke, akasubiri tena amalize kumwita mama yake, kisha akampiga ya kichwa. Alikuwa anatafuna kitu muda wote.
Tulimwosha mimi na Oliva. Oliva ni komadre wangu, mimi ndiye niliyembatizia mwanawe wa kwanza, hakuna siku tuliyokosana. Alimimina maji, mimi nikasugua. Kwenye mguu uliobaki mzima kulikuwa na tope tu. Kwenye ule mwingine, pembeni mwa tundu la risasi, kipande cha kidonda kilikuwa kimekauka, ngozi changa ya waridi imeanza kufunga. Sindano kumi na saba. Zilibaki tatu.

Aprili 22
Tumemzika. Kaburi lilijaa maji kabla ya jeneza.

Aprili 27
Nimezunguka nyumba kumi na tisa, nimefunguliwa mbili. Wananisikia nikibisha, nasikia wanavyonyamaza. Kwa kina Rentería mzee alinijibu kupitia ukutani: "Hapa hakuna mgonjwa, Edilma. Hapa hakujawahi kuwa na mgonjwa. Nenda na daftari lako."
Nimelificha daftari la daktari kwenye debe la unga wa muhogo jikoni. Oliva alikuwepo, amenisaidia kufukia.

Mei 2
Wanajiunguza. Tindikali ya betri, baruti, chuma cha moto, chochote cha kugeuza kidonda cha pito kiwe jeraha la kawaida. Nohemí alishikiliwa na mumewe na shemeji yake, wakambandika kijiko kilichotoka motoni shavuni. Nimemkuta ameketi anamnyonyesha mdogo kwa upande mmoja, upande wa pili amefunika uso kwa khanga ya mtoto. Shavu limeliwa mpaka unaona jino.
"Afadhali sura mbaya kuliko kaburi zuri," aliniambia. Alijaribu kucheka na haikuwezekana.

Mei 5
Jua saa mbili nzima. Nimeanika bandeji.

Mei 11
Don Misael kanishangaza. Alikuja na kuku mkononi, akajitia ananiuzia, akiwatukana wanamgambo wa gatini kwa sauti. Alipoingia ndani akashusha sauti. "Una vibao vyako vya kioo, vile vya darubini?"
"Vya nini?"
"Mama, usinijibu swali kwa swali, sina meno ya kutosha. Nipe nivipeleke mjini. Daktari wako si hutoa dawa kwa jina na kibao?"
Nikamwambia majina yameandikwa juu ya vibao, wakivikuta watamuua na watawaua wenye majina. Akaninyooshea mkono tu. Alivifunga kwenye tambara, akavisukumiza ndani ya kopo la grisi ya injini.
Nilikwenda gatini kutazama. Wakamsimamisha, wakapekua magunia, mmoja akalishika lile kopo. Don Misael alimwambia, "Jipake, jipake basi, labda na wewe utaanza kuwaka kama injini." Wenzake wakamcheka yule mtu, akalirudisha. Boti likaondoka.

Mei 14
Karudi na dawa za watu watatu, chini ya mafuta ya injini. Nilitaka kumshukuru. "Usinishukuru, utanitia mkosi." Nikamchoma sindano yake ya kwanza. Alilia kama alivyosema mimi ningelia.

Mei 19
Leo alikuja mpishi wa wanamgambo, mwanamume wa makamo, wanamwita Chamizo. Alisema tumbo linamsokota. Nikamkandakanda tumbo, halina kitu. Akatazama mlango, akapandisha mkono wa shati. Viwili, kimoja kikubwa kama mdomo wa kikombe cha kahawa.
"Ni hiyo, mama?"
"Ni hiyo."
Akashusha mkono wa shati. Wamelala kwenye misitu ya mto mwezi wa tatu huu, alisema, usubi anawala wote, lakini nani amwambie Zarco? "Atasema nimekuwa muasi usingizini."
Nilimwandika. Daktari alisema kila kidonda.

Mei 24
Chamizo ameleta wengine watano, mmojammoja, kila mmoja na tumbo lake linalosokota. Nimewaandika ukurasa wa mwisho kwa majina waliyonipa. Mmoja wao ndiye aliyemvua Arcesio nguo siku ile. Nilimkwangua kidonda taratibu, kama ninavyomkwangua mtu yeyote, halafu nikauchemsha wembe mara mbili.

Mei 27
Canario.
Aliweka bastola mezani kwanza, juu ya kitambaa changu cha maua, ndipo akafungua mkanda. Kiko nyongani upande wa kushoto, kina umri wa kutosha, miezi miwili au zaidi. Yaani siku anampiga Arcesio risasi ya kidonda, yeye mwenyewe alikuwa nacho ndani ya suruali.
"Kaka yangu akijua," alisema, "nakukata ulimi, halafu nakumaliza wewe mwenyewe." Nilikuwa nimeinama usawa wa nyonga yake, wembe mkononi, na mshipa mkubwa wa paja unapiga hapohapo, naona unavyoruka. Nilikwangua nilichotakiwa kukwangua.
Nimemwandika. Namba thelathini na nane.

Mei 30
Sasa hata jeraha la moto ni ushahidi. Zarco si mjinga, amegundua. Wamemsimamisha Fermín, mume wa Oliva, gatini, wakamvua shati la mikono mirefu. Juu ya kiwiko cha kulia kuna alama ya kuungua, bado mbichi. Mimi mwenyewe sikujua. Alinificha hata mimi! Wamemburura shuleni.
Nimekaa na Oliva mpaka jioni. Hakulia wala hakula. Alikuwa anazikunja na kuzikunjua nguo zilezile za Fermín.

Mei 31
Komadre alikwenda shuleni asubuhi kumwombea mumewe. Saa tano wamekuja nyumbani kwangu watu wanne. Hawakuuliza wala kupekua. Walikwenda moja kwa moja jikoni, wakapindua debe la unga.
Nilipigwa kitako cha bunduki, nadhani mara tatu. Jicho la kulia halifunguki. Lakini hilo si kitu. Kitu ni kwamba mtu mmoja tu alijua lile debe.

Juni 1
Waliita watu wote wa vijiji vyote vinne uwanja wa shule. Mvua kubwa. Sisi mvuani, wao barazani. Zarco alikuwa na daftari langu, limejaa unga, analipukuta kwa kiganja. Alisema atasoma jina, na mwenye jina asogee mbele. Asiyesogea, nyumba yake itachomwa na waliomo.
Mimi nilisimamishwa mbele kabisa, na Canario nyuma yangu. Aliniinamia sikioni. "Ulimi," alisema. Neno hilo tu.
"Arcesio Chaverra," Zarco akasoma. "Aha. Huyu tumeshamtibu."
"Misael Tovar."
Don Misael akatoka. Alikuwa amevaa gambuti na kofia yake iliyotoboka, anatembea kama mtu anayekwenda kuangalia injini. Alifika mbele akageuza kisogo, akashusha ukosi kuwaonyesha kidonda. Kilikuwa kimeanza kukauka.
"Umekipatia wapi hiki, mzee?"
"Mamako alinibusu," alisema Don Misael.
Canario akanipita. Ilikuwa risasi mbili, ya pili ikiwa tayari yuko chini. Kofia yake ilielea kwenye maji ya uwanja, ikazunguka. Custodia, mkewe, alikwenda akaiokota kofia, akarudi akasimama mahali pake.
"Nohemí Rentería," Zarco akasoma.
Nohemí akaanza kumfungua mtoto mgongoni ampe mtu. Hakuna aliyenyoosha mikono, si kwa ubaya, hatukuweza kusogea. Akawa anageuka huku na huku na mtoto, anatafuta wa kumpa, na ule uso wake.
Hapo ndipo nilipopiga kelele. "Soma ukurasa wa mwisho!"
Sijui sauti ilitoka wapi. "Soma wa mwisho! Na hao ni wagonjwa wangu! Soma kama unavyosoma hawa!"
Zarco akafungua. Nilimwona akisoma, midomo ikicheza. Alisoma kwa sauti jina la Chamizo kabla hajafahamu anasoma nini. Kisha akanyamaza, macho yakashuka mstari kwa mstari mpaka chini. Mvua ilikuwa inapiga bati. Wanamgambo walianza kutazamana, kila mmoja anamtazama mwenzake mikono, shingo, na wawili wakarudi nyuma hatua moja wakiwa wameshika bunduki vibaya.
"Vua," Zarco alimwambia mdogo wake.
"Kaka, huyu mama ni mwongo..."
"Vua suruali."
Alivua. Mbele ya watu wa vijiji vinne, wanawake na watoto, akasimama na suruali magotini, na kidonda kile nyongani, kikubwa kuliko cha Arcesio, kuliko cha Don Misael aliyelala mita mbili kutoka miguu yake.
Zarco alichomoa bastola. Aliishika imeelekea chini kwa muda mrefu. Sikuombea lolote. Hapana, nitaandika ukweli: niliomba ampige. Hakumpiga. Alimpiga kofi, moja, mpaka damu ikatoka puani, kama mzazi. Ndipo akanigeukia.
"Dawa yake ni nini?"
"Sindano ishirini."
"Ziko wapi?"
"Mjini, kabatini. Zinatoka kwa orodha. Orodha hiyo uliyoshika, nzima, na mwenye kuchoma sindano ni mimi. Ukipunguza jina hata moja, daktari atauliza mgonjwa huyo kaenda wapi, na dawa haitatoka." Hilo la mwisho nililitunga palepale.
Alilifunga daftari. Alilipangusa unga. Akanirudishia kwa mikono miwili, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Juni 3
Fermín ameonekana kwenye mizizi chini ya kijito. Si lazima daktari aje kuniambia: alikuwa maiti tangu siku ya kwanza, kabla Oliva hajafika pale shuleni kumwombea.
Nimekwenda kuosha. Oliva alikuwa upande wa pili wa mwili. Alimimina maji, mimi nikasugua.

Juni 4
Kila nikifumba macho nahesabu. Jina la kwanza, jina la pili, jina la tatu. Nilikuwa nayo maneno yale mdomoni tangu jina la kwanza. Niliyatoa kwenye la tatu. Watu wananiletea ndizi na samaki, wananiita shujaa. Hakuna anayenihesabia isipokuwa mimi.

Juni 10
Custodia ndiye aliyeliendesha boti mpaka mjini. Hajawahi kushika injini mbele za watu, kumbe anaijua yote. Alinishushia maboksi mlangoni. "Zimo zote," alisema. "Na za yule aliyemuua pia nimezibeba. Usiniulize kitu, Edilma."

Juni 11
Wagonjwa thelathini na sita foleni moja, barazani shuleni. Wanamgambo saba wamepanga mstari pamoja na kina Rentería. Canario alikuja wa mwisho.

Juni 13
Leo nilivuta maji ya chupa kwenye sindano yake badala ya dawa. Yanafanana, hakuna ambaye angejua. Kidonda kingerudi, kingepanda puani, kingekula pua na koo taratibu kwa miaka. Alikuwa ameshalala kifudifudi, ananisubiri. Nilisimama na ile sindano. Nikafikiri: basi na mimi nitakuwa nimefungua orodha yangu, ya nani afe kwa kidonda na nani aachwe.
Nikayamwaga dirishani. Nikavuta dawa. Lakini nilimchoma kwa nguvu, na nilifurahi alipopiga yowe, na sitaki kujificha kwenye daftari langu mwenyewe.

Juni 19
Ya tisa.

Juni 25
Ya kumi na tano. Nohemí shavu linaziba. Hatakuwa na sura aliyokuwa nayo.

Juni 30
Ya ishirini. Canario akajifunga mkanda, akasimama mlangoni. "Mama, ulikuwa unaweza kunitia sumu."
"Nilikuwa naweza."
"Mbona hukunitia?"
Nilimwambia aondoke, kuna watu foleni. Hakukuwa na mtu foleni.

Julai 6
Wameondoka, wamepanda juu na boti zao. Wameacha shule inanuka mkojo. Wanasema watakwenda mto mwingine. Kule nako kuna usubi, na kuna watu.

Julai 15
Mvua inapungua. Leo nimekwenda kwa Oliva. Nimeipita nyumba hiyo wiki sita kama haina mlango.
Alikuwa anamenya muhogo. Hakuinua kichwa. "Umekuja kunitukana?"
"Nimekuja kukagua vidonda. Ni Jumatatu."
"Sina kidonda."
"Watoto?"
"Hawana. Waangalie." Nikawaangalia, migongo, masikio, vidole. Hawana. Nilikuwa nimeshika begi kuondoka aliposema, "Waliniambia watamwachia saa ileile, komadre. Walinionyesha shati lake. Nikadhani yumo ndani, ananisikia."
Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, nimeyatunga njiani kwa wiki sita, na yalikuwa makali.
"Mimi nilinyamaza majina mawili," nilimwambia. "Wewe ulisema jambo moja. Sijui nani kati yetu ana zaidi."
Akaendelea kumenya. Kisha akasema, "Fermín hayumo kwenye daftari lako."
"Hakuwahi kunionyesha."
"Mwandike."
Nilitaka kumwambia daftari ni la wagonjwa walio hai, daktari atauliza. Nikatoa kalamu. Fermín Hurtado, miaka arobaini na sita. Mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Kilianza Machi, Oliva aliniambia. Nilipofika safu ya matibabu nikamuuliza niandike nini, maana hakupata sindano hata moja.
Oliva aliweka kisu chini.
"Andika kiliunguzwa kwa panga," alisema. "Andika nilikiunguza mimi. Nilikuwa natetemeka, yeye akanishika mkono ili nisikosee."